Ruhusa ya Kulinda Watoto wa Wengine

Nsimire alianza kulinda watoto wa wengine siku kiwanda cha kahawa kule bondeni kilipokataza wanawake kuingia na mtoto mgongoni. Msimamizi alisema watoto wanakojolea kahawa, na kahawa ile inakwenda kunywewa Ulaya. Wanawake wa mtaa wa Kadutu waliokuwa wakichambua kahawa ikawabidi waache kazi, ama watafute mtu wa kumwachia mtoto. Nsimire alikuwa na chumba na nusu, ua wenye migomba, na siku nzima mbele yake. Akasema, leteni.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliyeleta mtoto mwenye upele alirudishwa naye palepale. Malipo aliyapokea kwa kila namna: maharagwe, makaa, sabuni, hata mbao za sanduku. Mimi nilikuwa nikiuza ndagala, dagaa wa ziwani, mbele ya ua wake, na katika wanawake wote wa mtaa ule, yeye peke yake sikuweza kumpunja hata kiganja.

Mume wake, Mushagalusa, fundi mwashi, mtu wa Luhwindja, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Ukuta wa nyumba mpya aliyokuwa akijenga ulilowa mvua ukamwangukia. Alimwachia Nsimire binti mmoja, Virginie, wa miaka kumi na miwili hivi, aliyekuwa akisoma kwa masista. Nyumba ilikuwa ya cité, mtaa wa Waafrika uliosimamiwa na serikali, imeandikwa jina la marehemu. Na katika Bukavu ile ya Wabelgiji, mwanamke asiye na bwana alitozwa kodi ya wanawake wanaoishi peke yao, kodi ambayo mtaani ilikuwa na jina nisiloliandika hapa. Siku yoyote polisi angeweza kumgongea amwambie arudi kijijini.

Kijijini ni Luhwindja, kwa shemeji yake Barthélemy, mchimba dhahabu. Barthélemy alikuwa amekwisha tuma neno zaidi ya mara moja: mke wa marehemu ni wa nyumba yetu, aje nimrithi, na mtoto aje naye. Nsimire aliijua hesabu yake. Barthélemy alikuwa na wake wawili na vijana wanaoota ndevu. Kijana anahitaji ng'ombe wa kuolea, na ng'ombe anapatikana kwa kuoza msichana. Virginie angekaa Luhwindja mvua mbili, kisha angepelekwa kwa mtu. Hilo ndilo Nsimire alilokuwa akilikimbia. Yote aliyofanya baadaye aliyafanya ili binti abaki Bukavu, abaki shuleni, abaki kwake.

Ndipo, katika mwaka wa 1957, likatangazwa neno la ruhusa. Mwanamke yeyote anayelinda watoto wa wengine lazima aonekane kwanza na Mademoiselle, yule bibi wa Kizungu wa foyer social, ile nyumba ambako wanawake wa cité walifundishwa kushona na kupika kwa namna ya Kizungu. Asiye na ruhusa atafungiwa. Mwenye ruhusa atabaki katika nyumba yake, kwa sababu nyumba yake itahesabiwa kuwa ni kazi. Wengine walisikia kitisho. Nsimire alisikia mlango. Ruhusa ile ingemshika mjini hata polisi wagonge namna gani.

Kwanza masomo. Wanawake walikaa kwenye mabenchi, wakapewa mwanasesere mweupe wa mpira wamwogeshe kwa zamu, Mademoiselle akiwaangalia mikono. Jirani yake Nsimire, Godelive, mwanamke mnene mwenye maneno, akamwinamia.

"Huyu mutoto halie, hanyonye, hanye. Nani atanilipa juu ya kumulinda?"

"Bazazi bake beko na feza," Nsimire akajibu bila kucheka. "Shika kichwa, Mademoiselle anakuangalia."

Godelive aliacha masomo kabla hayajaisha. Nsimire aliendelea. Kisha nyumba. Jiko litoke ndani, choo kiwe na kifuniko, maji yachemshwe, kuta zipakwe chokaa, kila mtoto awe na mkeka wake. Chokaa aliipata kwa fundi mmoja wa misheni ambaye mtoto wake alimlinda bure mwezi mzima. Mikeka aliibadilisha kwa nguo za marehemu. Kifuniko cha choo alikigombania na muuza mbao mpaka yule bwana akamwachia ili tu aondoke. Mademoiselle alipokuja kuona, alipitisha kidole ukutani, akanusa chooni, akasema "Vizuri," na akasema aende kwa karani wa cité kumaliza mambo ya buku, kile kitabu cha kitambulisho.

Karani aliitwa Raphaël, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyewajua watu wote wa mtaa ule. Akafungua buku la Nsimire, akalifunga.

"Bwana yako iko wapi, maman?"

"Unajua alikufa. Ulikula kwenye matanga yake."

"Mi najua. Buku haijue. Mademoiselle anataka mama wa ndoa. Mwanamuke mwenye kuishi peke yake hawezi kulinda batoto ba benyewe. Eti banaume batakuwa banaingia, banatoka."

"Baingie wapi, Raphaël? Chumba inajaa batoto. Mwanaume gani atapata hata pa kuweka muguu?"

Raphaël alicheka, lakini hakuandika kitu. "Tafuta bwana, maman. Hata muzee. Mademoiselle haangalie meno."

Mwingine angelia. Nsimire alirudi nyumbani kwa njia ya soko, akapita kwa seremala Déogratias. Huyu alikuwa Murega kutoka upande wa Shabunda, mjane, mguu mmoja mgumu, aliyekuwa akifanya kazi chini ya kibaraza cha watu na kufukuzwa kila mvua iliponyesha. Nsimire alimkuta akipiga randa.

"Déo, unatafuta fasi ya kuweka meza yako ya kazi?"

"Kila siku."

"Mi niko na kona ya lupango yangu, pale uani, iko na bati. Na chakula ya mangaribi. Na nguo zako nitafua."

Déogratias akaacha randa. "Na mi natoa nini?"

"Jina. Tunaandikwa bwana na bibi kwa karani, basi."

"Na usiku?"

"Usiku unalala."

"Wapi?"

"Yulu ya mbao zako."

Mzee akafikiri, akipuliza vumbi la mbao. "Na siku ya yenga, kisha misa, nyama?"

"Kama kuko nyama."

Wakapatana hivyo, bila shahidi, na kwa kweli yalikuwa mapatano mazuri. Nimeona ndoa za kanisa zilizoanza kwa maneno yasiyofikia uwazi wa hayo.

Lakini Raphaël hakuweza kuandika. Mushagalusa alikuwa ametoa ng'ombe kwa ajili ya Nsimire, ng'ombe mzima mwenye mimba, na Luhwindja walikuwa bado hawajarudishiwa kitu. Ng'ombe yule hajarudi, basi Nsimire ni mke wa Luhwindja, hata mume awe kaburini. Bwana mpya lazima arudishe ng'ombe kwanza, na wazee wa kule waseme mbele ya watu kwamba wamemwachilia mwanamke.

Baba yake Nsimire alikuwa amekufa zamani na ng'ombe yule alikwisha liwa na dunia. Déogratias hakuwa hata na kuku. Kwa hiyo Nsimire aliuza kitanda cha chuma na baiskeli ya marehemu, akaenda Kabare, akanunua alichoweza: ndama, dume, mbavu nje. Alijirudishia mahari yake mwenyewe kwa jina la mwanamume. Jambo hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba ndama si ng'ombe, na lazima Barthélemy akubali ndama.

Wakapanda kamio, lori la chumvi liendalo Luhwindja, yeye, Déogratias na ndama. Kwa kabila la Bashi na watu wa Luhwindja, mazungumzo ya ng'ombe ni ya wanaume. Mwanamke hakai pale hata kama ng'ombe ni wake. Nsimire alikuwa hajapata kusikia mazungumzo hayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku ya mahari yake mwenyewe alikuwa jikoni, anapika. Njiani akamfundisha Déogratias maneno.

"Mi kwetu ni mbuzi," Déogratias akasema. "Mambo ya ngombe sijue hata inaingiliwa wapi."

"Utasema vile nilikufundisha. Bakikatala, unasema: huyu mwanamuke alibazalia mutoto. Mi nitakuwa nyuma ya ukuta. Nikikohoa mara moya, katala. Nikikohoa mara mbili, kubali."

Basi wakafika, wanaume wakakaa uani, na Nsimire akakaa jikoni nyuma ya ukuta wa matete pamoja na Domitille, mke mkubwa wa Barthélemy. Ndama akasimamishwa katikati. Barthélemy akamzunguka.

"Sisi tulitoa ngombe yenye mimba. Ninyi munatuletea hii kitu yenye kutetemeka?"

Watu wakacheka. Déogratias akaangalia ukuta wa matete. Kikohozi kimoja.

"Apana," akasema. "Kuongeza hatuna."

"Basi rudi nayo kwenu, muzee. Na bibi umwache."

Kikohozi kimoja tena. Déogratias akaweka mkono kwenye mguu wake mgumu, akasema maneno aliyofundishwa. "Mwanamuke hakukaa bure kwenu. Alibazalia mutoto. Ile mutoto ihesabiwe. Mutoke mu ngombe, mufike ku ndama."

Barthélemy akageuka kwa mzee wa ukoo. "Muzee, umesikia? Bo benyewe banasema mutoto ihesabiwe."

"Nimesikia," mzee akasema.

"Basi ndama inatosha."

Nyuma ya ukuta Nsimire akakohoa mara mbili, kwa furaha. Domitille akamsogezea kibuyu. "Kunywa mayi, dada. Hii kikohozi yako ni mubaya." Akamtazama kwa muda, kisha akarudia kumenya viazi. Hakuwa na ng'ombe wake katika mambo yale.

Pombe ya ndizi ikapita na mrija wake, wazee wakasema mbele ya watu kwamba mwanamke ameachiliwa, na kamio ikawarudisha Bukavu. Nsimire alinihadithia safari ile mwenyewe, akiwa amekaa kwenye gunia langu, amejaa ushindi. Mimi nimeuza na kununua tangu utoto. Mtu aliyekuja kupigania ng'ombe mzima akikubali ndama kabla pombe haijamiminwa, inafaa usimame pale pale umwulize amekubali nini hasa. Nilimwambia. Akasema nina wivu.

Raphaël akaandika. Mademoiselle akaleta ruhusa yenyewe, karatasi nene yenye muhuri, na Virginie ndiye aliyewasomea wachambuzi wa kahawa walipokuja jioni kuchukua watoto wao. Alisoma kwa sauti ya darasani, mkono nyuma, akiruka maneno magumu ya Kifaransa bila aibu. Polisi wa cité alipita siku ile, akaitazama ilivyotundikwa ukutani, akasalimu. Déogratias alipata nyama yake ya yenga kila Jumapili. Kwa majuma kadhaa mambo yalikuwa hivyo, na sikumwona Nsimire akiangalia barabara.

Kisha Barthélemy akaja. Alikuja asubuhi, na koti, pamoja na mjomba wake mmoja, akakaa kwenye meza ya Déogratias kama mtu wa nyumbani.

"Shemeki, karibu," Nsimire akasema. "Ku nyumba, bote salama?"

"Salama. Na mi si shemeki tena, uliachiliwa. Nilikuja kukamata mutoto wetu."

"Mutoto gani?"

"Kuko ingine? Virginie. Kamio inatoka saa ya mangaribi."

Nsimire alikuwa na kichanga mkononi. Akamweka chini polepole. "Nilirudisha ngombe."

"Ulirudisha ndama," Barthélemy akasema, na hakusema kwa ukali. "Ukasema ngombe ingine ni mutoto. Sisi tukakubali. Sasa tunakamata ile sehemu yetu."

Kwenye baraza la cité alasiri ile ile, waamuzi hawakuchukua muda. Mkubwa wao, Stanislas, mzee wa Kabare aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba, alimwuliza Déogratias alisema nini Luhwindja, na Déogratias akarudia neno kwa neno, kwa sababu alikuwa amefundishwa vizuri.

Stanislas akamgeukia Nsimire. "Maman, ungerudisha ngombe nzima, ungetembea na binti yako, na hakuna mutu angekuuliza. Ukipunguza ngombe juu ya mutoto, unaacha mutoto. Hata batoto ba kuchunga banajua. Nani alikuambia uombe kupunguziwa?"

"Ni mi njo nilisema," Déogratias akasema. "Kwetu ni mbuzi."

"Nitaleta ngombe nzima," Nsimire akasema. "Mbele ya Noeli."

"Mambo ilikunywewa pombe," Barthélemy akajibu. "Hatufungue tena."

Ndipo Nsimire akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alisema ndoa ni ya uongo. Alisema Déogratias analala juu ya mbao, kila mtu wa mtaa anajua, ni jina tu liliandikwa. Kwa hiyo yeye bado ni mke wa Luhwindja, na kama mtoto anakwenda basi na yeye aende, Barthélemy amrithi kama alivyotaka.

Raphaël aliacha kuandika. Stanislas akavua kofia.

"Fikiri mbele ya kusema tena, maman. Ukisema vile mara ya pili, tunaandika. Ruhusa inakufa, nyumba inakufa, na huyu muzee wa muguu anaenda mu gereza juu ya kudanganya serikali. Na Barthélemy, wewe unamukamata?"

Barthélemy alitazama koti lake. "Nilimwita mwaka muzima. Alikatala. Ile ndama nilishaitoa juu ya bibi ya kijana wangu. Bibi ya tatu sitafute. Nilikuja juu ya mutoto."

Nsimire hakusema mara ya pili. Alikaa akitazama sakafu, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nilimwona akipiga hesabu. Akipoteza ruhusa hampati Virginie. Akiishika hampati Virginie. Tofauti ilikuwa ni Déogratias gerezani na yeye mwenyewe barabarani. Akainuka.

Alikwenda hata kwa Mademoiselle, ambaye alikuwa akifunga madirisha ya foyer. Mademoiselle alisikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono. Akasema inamsikitisha sana, lakini hiyo ni desturi, na serikali haiingii katika desturi. Akamshauri asipige kelele nyingi kuhusu ndoa yake, kwa faida yake mwenyewe.

Pale kwenye kamio Nsimire alianza tena kupatana, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua. Aliomba binti amalize mwaka wa shule. Hapana. Aliomba aje Noeli. Tutaona. Aliomba asiolewe kabla hajakua. Barthélemy akasema ndiyo, mara moja, huku akipandisha gunia, na safari hii Nsimire alijua ndiyo ya upesi ni ya namna gani.

Virginie alikuwa amesimama na furushi la nguo zake, hajalia. Alikuwa kwenye baraza, alisikia yote.

"Maman, munanihesabia mu ile ndama?"

"Ndiyo."

"Mi nilikuwa muguu ao kichwa?"

Dereva alipiga honi. Nsimire akamfunga kitambaa kichwani vizuri, akakaza fundo.

"Ulikuwa ile yenye ilibakia," akasema. "Panda."

Déogratias hakufanya kazi siku iliyofuata. Siku iliyofuata tena alifanya. Wachambuzi wa kahawa walileta watoto wao kama kawaida, na king'ora cha kiwanda kililia kama kawaida.

Juma lile lile Mademoiselle alikuja kukagua. Alihesabu watoto, akasoma karatasi ya ukutani, akahesabu tena. Ruhusa ilikuwa imeweka kiasi cha watoto, na mtoto wa mwenye nyumba alikuwa ndani ya hesabu.

"Iko kidogo leo. Binti yako iko wapi?"

"Kwa ndugu ya baba yake."

"Ah, ndiyo." Mademoiselle alikumbuka, akaona haya kidogo, akaangalia chokaa. "Basi kuko fasi moja. Iko mama nje anangojea tangu Jumatatu."

Mama huyo aliitwa Emérence, mchambuzi mpya, na mtoto wa kiume wa miezi michache mgongoni. Nsimire alimwita ndani. Akamfungua mtoto, akamtazama ngozi, akamtazama macho, akampitishia kidole kwenye ufizi. Hakuwa na upele. Akauliza atalipa nini. Emérence akasema makaa. Nsimire akasema makaa na sabuni, na Emérence akakubali baada ya kubishana kidogo.

Mademoiselle akauliza kama kuna mkeka, kwa sababu kila mtoto lazima awe na wake.

"Kuko," Nsimire akasema, na akaukunjua ule wa Virginie.